Daftari la Mafarao la Mwalimu Anaeli

Sisi tuliosoma shule ya msingi kule Mwika kabla nguzo za umeme hazijapanda mlima tulimjua Farao mmoja tu. Alikuwa yule wa shule ya Jumapili, mwenye moyo mgumu, aliyewafuata wana wa Israeli mpaka baharini akazama na magari yake yote. Tulimwimba, tukamwigiza siku za sikukuu, na mtoto mkaidi nyumbani aliitwa kwa jina lake. Nikichelewa kurudi mferejini na ndoo ya maji, mama alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni, na kusema, "Haya, Farao ameamua kurudi."

Kwa hiyo siku Mwalimu Anaeli alipoingia darasa la sita, akafuta ubao kwa kiganja cha mkono na kuandika neno MAFARAO, tulitazamana. Alikuwa mwalimu kijana, mwembamba, mwenye suruali moja ya kaki aliyoipiga pasi mpaka ikang'aa magotini. Deo, mvulana aliyekuwa hodari kuliko sote kwa hesabu na kwa maneno, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani walikuwa wangapi?"

"Wengi kuliko nyinyi mliomo humu ndani, hata ukichanganya na darasa la tano na la saba. Farao si jina la mtu. Ni cheo, kama mangi. Mangi akifa, anakaa mangi mwingine. Yule wa Musa ni mmoja tu katika hao, na hao wengine wana mambo yao."

 Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Ndani kulinukia sweta zenye unyevu, moshi wa kuni tuliotoka nao nyumbani, na ndizi mbivu ambayo kila mtu aliificha kwenye mfuko akidhani hakuna anayeisikia harufu yake. Vitabu vilikuwa haba miaka ile. Kimoja kilisomwa na watoto sita, na aliyekaa pembeni alijifunza kusoma maandishi yakiwa yamelala ubavu. Chaki nayo ilivunjwa vipande vipande na kugawanywa kama sukari. Hata hivyo, sijawahi tena kukaa mahali penye utajiri kama lile darasa.

Mwalimu alichora mto Nile kuanzia juu ya ubao mpaka chini, akaandika Misri ya Chini kule juu, na Misri ya Juu kule chini. Tulicheka sana. Tulidhani amekosea. Akatuacha tucheke, kisha akauliza, "Hapa kwetu, juu ni wapi?"

Tukaelekeza vidole kwenye dirisha la nyuma, kwenye kilele cha Mawenzi kilichofichwa na mawingu.

"Kwa nini ni juu?"

"Maji yanatokea huko," akasema mtoto mmoja.

"Basi. Na Misri ni hivyo hivyo. Juu ni kule maji yanakotoka." Tukaelewa papo hapo. Sisi watoto wa mlimani, tuliozoea kusikia wazee wakigombana juu ya zamu ya maji ya mfereji, hatukuhitaji maelezo zaidi. Alipotuambia kwamba farao wa kwanza, Menes, aliunganisha nchi mbili zilizokuwa zikinywa mto mmoja, Deo alisema, "Huyo alikuwa mzee wa mfereji." Mwalimu akacheka mpaka akakaa.

Kuanzia wiki ile michezo yetu iligeuka. Rede na kombolela vilibaki, lakini sasa aliyeshinda alikuwa Ramses. Tulikuwa tukiteleza kwenye miteremko juu ya magamba ya mgomba, tukiyaita magari ya vita ya Ramses, tukirudi nyumbani na sketi zimepasuka na makalio yamechubuka. Tulijenga piramidi za udongo mfinyanzi kando ya njia, tukazikuta zimekanyagwa na mbuzi. Siku moja mimi na wenzangu wawili tulimviringisha mdogo wangu kwa majani makavu ya mgomba, kuanzia miguuni mpaka shingoni, ili awe farao aliyekaushwa. Bibi alitoka jikoni na bakuli la kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, akamwona mjukuu wake amelazwa chini ya mti wa kahawa, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Kelele alizopiga zilisikika mpaka kanisani. Tulichapwa, na yule mdogo wangu akalia kuliko sisi, kwa kuwa alikuwa bado anataka kuwa farao.

Yote haya yalitoka kwenye daftari moja. Lilikuwa kaunta buku nene, la gamba gumu lenye kona zilizochakaa. Mwalimu Anaeli alipokuwa chuo cha ualimu alikuta kwenye maktaba kitabu kikubwa cha Kiingereza kinachohusu watawala wa Misri ya kale. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka maktaba. Basi kila jioni kwa miaka miwili alikaa pale, akakisoma na kukiandika chote upya kwa Kiswahili, kwa wino wa bluu, akinakili na picha kwa penseli. Humo alikuwamo Khufu aliyejenga piramidi kubwa kuliko zote. Alikuwamo Pepi aliyetawazwa akiwa mtoto wa miaka sita, akazeeka mpaka watu wakasahau kwamba kuna farao mwingine anaweza kuwapo. Akhenaten alikuwamo, yule aliyeacha miungu ya babu zake akaabudu jua peke yake na kuhamisha mji mkuu mzima kwa ajili hiyo. Alikuwamo Tutankhamun, aliyekuwa mfalme katika umri wetu, na Ramses.

Walimu wenzake walimwambia alifungie kabatini. Yeye akasema, "Nikilifungia, nitakuwa nimeliandikia kabati." Akaamua kila mtoto alichukue nyumbani siku moja, alirudishe kesho yake. Zamu ilifuata orodha ya mahudhurio, ambayo siku hizo ilianza na wavulana wote, kisha wasichana. Tukasubiri wiki tano. Msichana wa kwanza kulipata alikuwa Anasia, mtoto mpole aliyekuwa karibu kuhamia Mkuu, kule Rombo, na wazazi wake. Wa pili nilikuwa mimi, Ludia. Wa tatu alikuwa Manka.

Lazima niseme juu ya Manka. Alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa hatujaota meno ya mbele. Alikuwa na sauti ya kuamuru, miguu mirefu, na tabia ya kunyoosha vitu vilivyopinda, hata mstari wa watu wazima wakisubiri kupimiwa kahawa yao. Mwaka ule shule ilikuwa ichague kiranja mkuu kutoka darasa letu, na Manka alisema wazi kwamba anautaka ukiranja. Wavulana walicheka. Msichana alikuwa anaweza kuwa kiranja wa usafi, au wa bustani. Kiranja mkuu alikuwa mvulana siku zote, na safari hii ilieleweka kwamba ni Deo.

Mwalimu Anaeli alikuwa amedokeza siku moja, kengele ikigongwa, kwamba kulikuwa na farao mwanamke, na kwamba habari zake zimo katika daftari. Hakusema zaidi. Manka akamfuata mpaka ofisini kumuuliza.

"Utasoma mwenyewe," akamjibu.

Manka akarudi darasani, akasimama mbele ya wavulana. "Ngojeni nilipate hilo daftari. Nitawasomea hapa hapa, herufi kwa herufi."

Zamu yangu iliangukia Ijumaa. Bahati iliyoje! Wengine walipata jioni moja, mimi nilipata mpaka Jumatatu. Kulikuwa na manyunyu, basi mama alipoona nimelileta alinikatia jani pana la mgomba, akalipitisha motoni lilainike, akanifungia daftari kama anavyofunga nyama. Jioni ile nikasoma habari za Menes na Khufu. Nikasema sitakimbilia mbele kama wavulana, nitasoma polepole, kila ukurasa.

Jumamosi mchana nilikuwa na kazi ya kumkatia ng'ombe chakula. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Mashavu, aliyefugwa ndani kama ilivyo kawaida yetu, akila majani na mashina ya mgomba yaliyokatwakatwa. Sikutaka kuliacha daftari mahali mdogo wangu angelifikia. Nikaenda nalo bandani likiwa kwenye jani lake. Nikaliweka ukingoni mwa hori, nikashika panga, nikaanza kukata shina.

Ng'ombe akiona jani la mgomba kwenye hori yake, atafikiri nini? Nilisikia sauti kama ya mtu anayekunjua gazeti. Nilipogeuka, Mashavu alikuwa anatafuna kwa utulivu, macho ameyafumba nusu, na kamba ya daftari ikining'inia mdomoni mwake. Nilimrukia. Nilivuta, naye akavuta. Nilitoka pale na gamba moja na theluthi ya kwanza ya kurasa, zimejaa mate ya kijani. Theluthi mbili zilikuwa zimekwenda.

Sikulia mara moja. Nilikaa chini kwenye majani nikamtazama. Kisha nikakimbia kwa mama na kumwambia kwa pumzi moja. 

"Mama, wewe umwambie Mwalimu. Au baba."

"Aliyepewa ni nani?"

"Mimi."

"Basi atakayesema ni wewe. Jumatatu, kwa mdomo wako mwenyewe."

Jumapili ile ilikuwa ndefu kuliko utawala wa Pepi. Mwalimu Anaeli ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya, na mimi nilikaa benchi la tatu nikiuangalia mgongo wake ukinyanyuka na kushuka kwa furaha. Mchungaji alipotaja neno "siri" nilihisi kanisa zima limenigeukia. Nyumbani kulikuwa na machalari, chakula nilichokipenda kuliko vyote. Sikukigusa. Bibi akadhani nina malaria, akanifunika blanketi mbili.

Jumatatu nilifika shuleni kabla ya wenye zamu ya kufagia. Mwalimu alikuwa amekaa peke yake ofisini akisahihisha. Nikamwamkia, nikaweka mbele yake kile kilichobaki, nikasema, "Shikamoo tena, Mwalimu. Ng'ombe amelila daftari. Nililiweka kwenye hori. Kosa ni langu, si la ng'ombe."

Alilichukua. Akafungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, mpaka penye meno. Akainuka, akatoka nje. Nilibaki nimesimama, nikisikia wenzangu wakianza kufika, nikisikia ufagio wa kwanza uwanjani. Aliporudi uso wake ulikuwa na maji.

"Ulikuwa umefika wapi kusoma?"

"Kwa Khufu, Mwalimu."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka yote."

"Twende basi darasani, ukasimulie."

Hivyo tu. Hakunichapa. Mbele ya darasa zima alieleza yaliyotokea, kwa maneno machache, bila kunidhalilisha. Kisha akasema, "Daftari langu limekwisha. Sasa mtaandika lenu. Nyote mliosoma, mtatoa kila mnachokikumbuka, na tutakiandika. Mimi sitaongeza hata neno moja. Nikiongeza, litakuwa langu tena."

Wavulana walifurahi. Kwa siku kadhaa darasa lilikuwa kama mnada. Huyu alimkumbuka Akhenaten na jua lake, yule alimkumbuka Tutankhamun na kaburi lililofichika, Deo alisimulia vita vya Ramses dhidi ya Wahiti kana kwamba yeye ndiye aliyeshika hatamu za farasi. Akaeleza pia kwamba Ramses alirudi nyumbani akachora ukutani kuwa ameshinda, wakati ukweli hakuna aliyeshinda, na baadaye wakaandikiana mkataba wa amani. Tuliandika kwa zamu, mwandiko juu ya mwandiko.

Lakini kila Mwalimu alipouliza, "Na farao mwanamke?" wavulana waliinama. Hatukumbuki, Mwalimu. Kurasa zile tuliziruka, Mwalimu. Ishirini na kitu, wote hawakumbuki! Mwalimu alijua wanakumbuka, nao walijua kwamba anajua. Nje, uwanjani, walikuwa wakimwimbia Manka, "Farao mwanamke ameliwa na ng'ombe! Farao mwanamke amekuwa mavi!"

Manka aliwapita. Alinigeukia mimi. "Nilingoja wiki tano," akasema. "Zilibaki siku mbili." Akahamisha vitu vyake kutoka dawati letu, akaenda kukaa nyuma. Hajawahi mtu kuniumiza namna ile kwa maneno machache hivyo, na alikuwa na haki.

Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki mbili na siku chache. Niliamua nitamtafuta huyo farao. Nilipita kihamba kwa kihamba, yaani kila boma na migomba yake, baada ya shule, nikawauliza wavulana mmoja mmoja, mbali na wenzao. Mmoja alinipa nusu sentensi, kwamba alikuwa binti wa mfalme na mke wa mfalme. Mwingine, ambaye nilimsaidia kubeba mzigo wa majani kutoka tambarare mpaka kwao, aliniambia kwamba mumewe alipokufa mrithi alikuwa mtoto mdogo, naye akamshikia kiti. Nikafika kwa Deo. Alikuwa akimenya kahawa kwenye mashine ya mkono na baba yake.

"Sikumbuki," akasema, bila kunitazama.

Aliyebaki alikuwa Anasia, na Anasia alikuwa ameshahamia Mkuu tangu mwisho wa wiki ile ya zamu yake. Nilimwomba mama. Mama hakuwa mtu wa safari zisizo na sababu, lakini Jumamosi iliyofuata alikata mikungu minne ya ndizi akasema ataipeleka soko la Mkuu, na kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba. Tulipanda lori la ndizi, tukakaa juu ya mikungu, upepo wa Rombo ukitupiga usoni. Wakati mama akipanga ndizi chini, mimi niliuliza njia mpaka nikamkuta Anasia kwao, anachambua maharage barazani.

Alikumbuka. Mtoto yule aliyekuwa hasemi darasani alikumbuka kama aliyeliona kwa macho. Alinisimulia bila kuacha kuchambua, nami nikaandika gotini. Jina lake lilikuwa Hatshepsut. Alimshikia mtoto kiti, kisha akaona anaweza, akajitangaza mwenyewe kuwa farao. Alitawala karibu miaka ishirini, nchi imetulia, akijenga hekalu zuri chini ya majabali. Alituma merikebu mpaka nchi ya Punti, upande huu wetu wa Afrika, zikarudi na miti ya manukato iliyong'olewa na mizizi yake, imewekwa ndani ya vikapu ili ikapandwe Misri.

"Kama miche ya kahawa," nikasema.

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi," akasema Anasia. "Halafu alipokufa, walifuta jina lake kwenye kuta. Walilipiga patasi. Lakini kuta zilikuwa nyingi mno, wakaacha sehemu. Ndiyo maana tunamjua."

Nilipomfikia mama sokoni, alikuwa ameuza mikungu yote. Akaniuliza kama nimekipata nilichokifuata. Nikasema ndiyo. "Haya, nisimulie," akasema, na njia nzima, juu ya lori tupu, nilimsimulia mama yangu, ambaye aliishia darasa la pili, habari za Hatshepsut. Tulipokaribia nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Na yule mtoto, alikuja kupata kiti chake?" Nikamwambia alipata, akawa farao mkubwa sana. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi alimlea vizuri."

Jumatatu nilinakili kila kitu kwa mwandiko wangu bora kwenye daftari jipya, nikaliweka kwenye dawati la Manka.  Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Kipindi cha historia kilipofika alisimama bila kuitwa, akaenda mbele, akasoma kwa ile sauti yake ya kuamuru.

Alipomaliza, mvulana mmoja akasema kwa nyuma, "Hizo zimetungwa. Ludia ametunga ili asamehewe."

Mwalimu Anaeli alikuwa ameegemea dirisha. Mdomo aliuziba kwa ngumi, kama mtu anayejizuia kukohoa. "Mimi nilisema sitaongeza neno," akasema. "Kuna aliyesoma kurasa hizi, aseme kama ni kweli?"

Hakuna aliyesogea. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimwangalia Manka pale mbele, mikono yake imelishika daftari kwa nguvu, na nikaona anaanza kutafuta njia ya kurudi kitini. Ndipo Deo akasimama.

"Ni kweli, Mwalimu. Nilizisoma."

Darasa lote likamgeukia.

"Nilizisoma mara mbili. Na kuna jambo wamelisahau."  "Sanamu zake zina ndevu. Ndevu za bandia, za kufunga kidevuni, kwa sababu mafarao wote walichongwa nazo. Lakini maandishi yaliyokuwa chini yanamwita binti. Binti wa mungu jua. Hakuficha kwamba ni mwanamke. Alivaa tu kilichokuwa cha cheo." Akamgeukia Manka. "Liandike na hilo."

Manka akaandika, pale pale, amesimama.

Wiki iliyofuata tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Deo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwa Manka, na baada ya mkono wake mingine ikafuata, mmoja mmoja, kwa aibu. Manka akawa kiranja mkuu. Alitunyoosha kweli kweli. Mstari wa asubuhi ulinyooka kama kamba, na wenye kuchelewa tulimwagilia bustani bila kujali urafiki. Siku ya kwanza ya ukiranja alirudisha vitu vyake kwenye dawati letu. Hakuomba radhi, nami sikuhitaji.

Nimestaafu uuguzi sasa. Naishi Moshi mjini, na kila Desemba napanda Mwika kama watu wote wa kwetu. Manka amekuwa mwalimu mkuu, na nasikia shuleni kwake hata jogoo wanawika kwa mstari. Deo amewapandisha wageni mlimani kutoka Marangu mpaka magoti yamekataa. Sikukuu iliyopita tulikubaliana, watatu, tukaenda kumsalimu Mwalimu Anaeli. Tulimkuta barazani, nywele nyeupe, sauti ile ile. Tulimwamkia kwa pamoja kama darasa. Mkewe akatuletea mtori, supu ya ndizi ya kwetu.

Nilimuuliza jambo nililotaka kuliuliza maisha yangu yote. "Mwalimu, siku ile ulitoka nje. Hukukasirika?"

"Nilikasirika sana," akasema. "Miaka miwili, mama! Nilishuka mpaka mferejini nikalia, nikanawa uso. Nikawa najiuliza nitakufanya nini. Halafu nikakumbuka kwamba ulikuja mwenyewe, asubuhi na mapema, kabla sijauliza. Nikaona huyu mtoto nikimvunja leo, hatakuja tena kwa mtu yeyote." Akamgeukia Deo. "Na wewe pia ulisimama mwenyewe. Mimi niliwaletea wafalme wa watu. Nyinyi mlinionyesha ujasiri wa kwetu."

Deo alijifanya anapuliza mtori. Mimi sikuweza kujifanya. Nikamshika Mwalimu mikono nikamshukuru kwa lugha ya nyumbani, "Aika, Mwalimu. Aika mbe." Nilikuwa nimechelewa miaka mingi kulisema hilo neno la asante.

Vijana wetu wa leo nawapenda, ingawa wanachekesha. Mjukuu wangu ana simu yenye mafarao wote ndani yake, pamoja na picha, na sauti ya mtu anayesimulia. Nilimuuliza juzi Hatshepsut ni nani. Vidole vikakimbia, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa amenipa jina, nasaba na miaka ya utawala. Kisha akaiweka simu chini na kuniuliza chakula kinaiva saa ngapi. Nilimuuliza tena jioni, amesahau. "Si nitamtafuta tena, Bibi," akasema, na hakuona tatizo lolote, na pengine halipo. Yeye hana haja ya kumngoja mtu wala kumbembeleza mtu. Hana haja ya kupanda lori la ndizi.

Sisi tulimngoja farao mmoja wiki tano, tukampoteza, tukamwokota kwa vipande kutoka midomo ya watu. Sisemi tulikuwa bora. Tulikuwa na kidogo, na kile kidogo kilibidi kipite mikononi mwa mwingine kwanza. Lakini mjukuu wangu akilisoma lile jina anaona sanamu ya mawe. Mimi nikilisikia naona mtoto mpole anachambua maharage, naona mama juu ya lori tupu anauliza habari za kiti, naona mvulana anayesimama peke yake wakati mvua inapiga bati. Kwa hao wote nashukuru, na ningependa na mjukuu wangu siku moja apate wa kwake.